Swali langu la utafiti limerudishwa mara ya tatu, naombeni ushauri (tiba kazi, kiharusi)

BintiWaUpareni: Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi (kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku), hospitali ya wilaya, nasoma shahada huku nikiwa kazini. Swali langu la kwanza lilikuwa "Umuhimu wa tiba kazi kwa wagonjwa wa kiharusi". Msimamizi akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ni mada. Swali liko wapi?" Nikaweka "Je, tiba kazi inawasaidia wagonjwa wa kiharusi?" Likarudi: "Inawasaidia nini? Kuliko nini?" Mara ya tatu niliongeza "mkoani Kilimanjaro". Safari hii hakuandika kitu, kachora alama ya kuuliza tu.

Kila kikao ananiambia nitibu kwa ushahidi. Makala nyingi ninazozipata ni za Marekani na Australia, na nusu yake zinataka dola. Mimi nina chumba kimoja, koni za plastiki na ubao wa vigingi vya mazoezi ya mkono. Nianzie wapi?

KalamuYaMkaa: Pole dada. Weka mada pembeni kwanza. Tutajie mgonjwa mmoja wa wiki hii aliyekuacha unajiuliza kama unachomfanyia ni sahihi.

BintiWaUpareni: Yupo. Mama wa makamo, fundi cherehani, kiharusi cha miezi minne iliyopita, upande wa kushoto. Kifundo cha mkono kinainuka kidogo na vidole vinafunguka, lakini mkono hautumii kabisa. Anaupakata mapajani kama mtoto wa jirani. Nikimhimiza anacheka: "Utarudi wenyewe, mwanangu." Cherehani yake ni ile ya kuzungusha kwa mkono. Wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto ndio unaongoza kitambaa, kwa hiyo hashoni.

KalamuYaMkaa: Sasa tunaongea. Huyo mama hajakosa nguvu tu, ameacha kutumia mkono. Mtafiti Edward Taub alilichunguza jambo hilo miaka mingi, na tiba iliyotokana na kazi yake ni kuuvalisha mkono MZIMA glovu nene ili mgonjwa alazimike kutumia ule dhaifu. Jaribio kubwa la tiba hiyo, EXCITE, lilitoka mwaka 2006 likiwa na watu 222, wote wenye kiharusi cha miezi 3 hadi 9. Glovu asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, mazoezi hadi masaa 6 kwa siku, wiki mbili. Waliotibiwa hivyo waliwashinda waliopata huduma ya kawaida, na tofauti ilikuwepo hata baada ya mwaka.

Umeona vipande vinne hapo? Watu gani, tiba gani, ikilinganishwa na nini, matokeo yapi. Ndiyo PICO yenyewe, kanuni ya kuunda swali la utafiti. Swali lako la pili lilikuwa na kipande kimoja na nusu.

Ila kabla hujasoma makala nyingine, chukua goniomita (kipimo cha pembe za viungo) umpime. Hata wale dhaifu zaidi waliopokelewa EXCITE walitakiwa kuweza kuinua kifundo angalau nyuzi 10, na kufungua kidole gumba na vidole vingine viwili kiasi hichohicho. Asipofika hapo, ushahidi huo haumhusu.

TabibuWaMvita: Haya, glovu imeenda mkono wa kulia. Mama atakula kwa mkono gani, na msimamizi wako hajauliza hilo? Hapa kwetu Mombasa nilimvalisha mzee mmoja. Siku ya pili mkewe akaivua, akaifungia kabatini, akaniambia mumewe hatakula kwa kushoto mbele ya wajukuu. Alikuwa na haki.

Daktari David Sackett na wenzake waliliweka wazi mwaka 1996: kutibu kwa ushahidi ni utafiti bora, ujuzi wa mtabibu, na matakwa ya mgonjwa. Wengi hubeba hilo la kwanza wakakimbia nalo. Na tiba hiyo yenyewe huwa na mkataba na mgonjwa, wa lini glovu inavaliwa na lini inavuliwa, kama kwenye maji. Ongeza chakula humo, basi.

Halafu kuna aina nyepesi aliyoijaribu mtafiti Stephen Page: nusu saa ya mazoezi mara tatu kwa wiki, glovu masaa 5 kwa siku, wiki 10. Hiyo mtu wa nauli ya kuunga anaweza kuifikiria.

MjukuuWaBibi: Samahani, mimi si mtaalamu. Bibi yangu alipangishwa koni na kukandwa mkono miezi sita. Ina maana tulipoteza muda?

TabibuWaMvita: @MjukuuWaBibi si kupoteza, mkono unaoachwa bila kusogezwa huweza kukakamaa. Lakini ushahidi unaegemea zaidi kuirudiarudia kazi yenyewe. Anayetaka kushika kikombe ashike kikombe.

BintiWaUpareni: Nimempima leo, nyuzi 15, gumba na vidole vinapita. Jaribuni hili: "Kwa watu wazima waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 iliyopita, je, glovu ya masaa 5 kwa siku pamoja na mazoezi ya kazi walizozichagua wenyewe, kwa wiki 10, inaboresha utendaji wa kazi hizo kuliko mazoezi ya kawaida ya kliniki?"

KalamuYaMkaa: Hilo halirudi. Utapima kwa nini? Dodoso la MAL, la matumizi ya mkono dhaifu nyumbani, linauliza mpaka kufungua friji. COPM, kipimo cha Wakanada, inamwachia mgonjwa ataje kazi zake na kuzipa alama 1 hadi 10, na ongezeko la alama 2 huhesabiwa kuwa lina maana. Na wenye sifa hizo unapata wangapi?

BintiWaUpareni: Nimepekua rejista ya mwaka mzima. Tisa.

KalamuYaMkaa: Basi usithubutu kugawa makundi mawili. Chukua wanne, kila mmoja ajilinganishe na nafsi yake: unampima kila wiki kabla ya glovu, wakati wa glovu, na baada yake. Badilisha sehemu ya mlinganisho kwenye swali. Kibali cha maadili omba mapema, kinachelewa. Makala za dola kamuulize mkutubi wa chuo kuhusu Hinari, mpango wa WHO wa makala za afya kwa nchi zenye kipato kidogo, usilipe.

BintiWaUpareni: Asanteni sana wakuu. Nimemwambia mama Jumatatu aje na cherehani yake. Mwanawe kapiga simu sasa hivi, anauliza nauli ya cherehani analipa nani.