Seva ya databesi ya duka la dawa: RAID 5 au 10, na bekapu niweke wapi?

kijana_wa_seva: Wakuu habari za muda huu. Nina kazi ya kufunga seva kwa mteja, duka la dawa za jumla pale Kariakoo, tunatumia databesi ya PostgreSQL (Postgres), data kwa sasa ni kama GB 60 na mauzo yanaingia asubuhi mpaka jioni. Seva ina nafasi nne, nataka SSD nne za TB 1. Bosi anataka tuziunganishe kwa RAID 5 (diski zinalindana, moja ikifa data inabaki) sababu inampa TB 3, mimi naelekea RAID 10 ambayo kila diski ina pacha wake na inatoa TB 2. Halafu anasema tukishakuwa na RAID bekapu ya nini tena, hapo ndo nimekwama namna ya kumuelewesha. Umeme nao unakatika sana mtaa ule. Naombeni ushauri.

dada_jedwali: Mkuu chukua RAID 10. Databesi inaandika vipande vidogo vidogo muda wote, kurasa za Postgres ni KB 8, na kwenye RAID 5 kila kipande kidogo kinazaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti (hesabu ya kurudishia data diski ikifa), kuandika data, kuandika pariti. RAID 10 inaandika mara mbili basi. Na GB 60 kwenye TB 2 mbona utakaa sana.
Ila SSD zisiwe za laptop jamani, tafuta zenye kinga ya umeme kukatika, zile zenye kapasita ndani. Nyingi za bei chee zinajibu kwamba zimeshaandika wakati data bado iko kwenye kashe (kumbukumbu ya muda), umeme ukienda hapo hata Postgres haina la kufanya. UPS nayo iunge na seva kwa waya wa USB ili ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha.

fundi_wa_usiku: Kuhusu bosi, mwambie hivi: dogo wa kaunta akifuta mauzo saa nane mchana, RAID inafuta kwenye diski zote sekunde hiyohiyo. RAID inakuokoa diski ikifa, basi. Muulize data ya muda gani ikipotea atavumilia? Akisema siku nzima, pg_dump (amri ya kutoa nakala ya databesi) ya kila usiku inatosha. Akisema dakika tano, piga pg_basebackup (nakala ya mafaili yote ya databesi) kila wiki na WAL, yaani mafaili yanayorekodi kila badiliko, ziwe zinahamishwa muda wote, archive_timeout weka 300, yaani sekunde 300 ndo mwisho wa kusubiri, maana faili la WAL ni MB 16 na biashara ikipoa linachelewa kujaa. Hapo utaweza kurudi mpaka saa nane kasoro dakika moja, kabla dogo hajafuta.
Na bekapu isikae jengo hilohilo. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, wote tuliona. Nakala inayoenda klaudi ifunge kwa ufunguo wa siri (encryption) kabla haijatoka, na ufunguo usiwe kwenye seva hiyo peke yake.

msasani_dba: Naongezea, klaudi peke yake hapana. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ilisumbua nchi nzima, sasa siku ile ungeshusha GB 60 saa ngapi? Nakala nyingine iwe hapahapa mjini, nyumbani kwa bosi hata.
Halafu jaribu kuirudisha!! GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, tarehe 31 Januari 2017 walifuta folda ya databesi kwenye seva ya kazi, kwenda kwenye bekapu wakakuta pg_dump ilikuwa inafeli, toleo lake 9.2 wakati databesi ni 9.6, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zinakataliwa njiani. Walipoteza data za masaa kama sita, na hapo waliokolewa na snapshoti (nakala ya hali ya diski kwa wakati mmoja) ambayo mtu aliipiga kwa kazi nyingine kabisa.

kijana_wa_seva: Asanteni sana wakuu. Sasa majaribio nifanyie wapi, seva ya pili sina.

msasani_dba: Laptop yako inatosha mkuu, GB 60 inaingia, cha muhimu toleo la Postgres lifanane. Kila mwezi rudisha, piga jumla ya mauzo ya jana ulinganishe na ripoti ya duka. Andika na muda iliochukua kurudi, huo ndo muda bosi atakaa bila kuuza seva ikifa, atapenda kuujua mapema.