CD4 zikishuka, seli zimekufa au zimepokonywa vipokezi?

Mwanafunzi wa Ngara

Hamjambo nyote. Ninasomea kazi ya maabara ya tiba hapa Nairobi, na kwa sasa nimo katika mafunzo ya vitendo kwenye kliniki moja ya Eastlands. Juma lililopita mama mmoja alinionyesha karatasi ya majibu yake, CD4, yaani zile seli za kinga zinazoshambuliwa na virusi vya Ukimwi, zikiwa 180, akaniuliza, "Mwanangu, hizo nyingine zimeenda wapi?" Nikamjibu kwamba virusi vimeziua. Usiku, nilipokuwa nikidurusu, nikasoma kwamba virusi vya Ukimwi huiondoa CD4 yenyewe, yaani kipokezi ambacho virusi hukishika ili viingie, kwenye utando wa seli vilivyoiambukiza, na tangu hapo sina utulivu, kwa kuwa sijui kama nilimweleza mama yule ukweli. Je, seli hizo zimekufa, au zingali hai ila zimepokonywa vipokezi hata mashine ya kuhesabia seli haizitambui? Na kwa nini kirusi kiharibu mlango ule ule kilioingilia?

Mzee wa Maabara

Mwanangu, ulimjibu sawasawa. Ulichokisoma usiku nacho ni kweli, lakini ni habari nyingine.

CD4 ni protini inayochomoza juu ya utando wa seli. Tumezoea kusema "CD4 zake ni 180" kana kwamba tunahesabu protini, ilhali tunahesabu seli zinazoibeba katika kila maikrolita moja ya damu, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500 hivi. Mazoea hayo ya kusema yamewachanganya wengi kabla yako.

Kirusi hushika CD4 kwanza, kisha hushika kipokezi cha pili, CCR5 au CXCR4, ndipo kiingie. Kikishaingia, huifanya seli itengeneze protini iitwayo Nef, ambayo hukamata mkia wa CD4 ulio upande wa ndani wa utando, ikaivuta ndani ya seli na kuipeleka inakosagwa. Baadaye hutokea protini nyingine, Vpu, ambayo huzinasa CD4 mpya mahali zinapotengenezwa, hata kabla hazijafika juu, na kuzielekeza kwenye uharibifu. Kirusi hutumia protini mbili kwa kazi hiyo moja, na hilo peke yake linatuonyesha jinsi kinavyoihitaji. Sababu ni kwamba virusi vipya vinavyochipuka kwenye seli vimebeba protini ya nje inayoipenda CD4, na kama CD4 ingebaki pale, vingenaswa papo hapo visiondoke. Tena, protini hiyo ikishikana na CD4 hufunua sehemu zake zilizofichika, kingamwili zikazitambua na kuziita seli wauaji. Kwa hiyo mlango huo ulikifaa kirusi wakati wa kuingia, lakini kwa watoto wake wanaotoka umekuwa mtego.

Sasa kuhusu mashine. Ni kweli kwamba seli iliyopoteza CD4 juu ya utando wake haitahesabiwa. Hata hivyo, seli zilizoambukizwa katika damu ni chache, kwa kawaida hazifiki moja kati ya kila mia ya seli za CD4, hivyo haziwezi kuteremsha hesabu hadi 180. Kinachoiteremsha ni vifo, na nyingi kati ya seli zinazokufa, hasa katika tezi za limfu, hazikuwahi kuzalisha kirusi hata kimoja: kirusi kiliingia, kazi yake ikakwama njiani, seli ikagundua vipande vya vinasaba vyake na kujiua kwa namna inayoleta uvimbe.

Binti wa Majengo

Asante, Mzee. Nimekulia Majengo, hapa hapa Nairobi, na tangu utotoni nimesikia habari za wanawake wa mtaa wetu waliofanya kazi ya ngono miaka mingi bila kuambukizwa. Nimeambiwa kwamba walizaliwa bila hiyo CCR5. Je, ndivyo?

Daktari wa Kinga

Hapana, dada. Wanawake hao walianza kufuatiliwa na watafiti mwaka 1985, na CCR5 zao zilipochunguzwa zilionekana kuwa za kawaida. Watu wasio na CCR5 kwa sababu ya kasoro iitwayo delta 32 hupatikana hasa miongoni mwa wenye asili ya Ulaya kaskazini. Walichoonyesha wengi wa wanawake wa Majengo ni seli za kinga zinazokitambua kirusi bila wao kuwa na maambukizi, na baadhi yao waliambukizwa baadaye, baada ya kuipumzisha kazi hiyo kwa muda. Ninawaheshimu sana, kwa maana sayansi ya dunia nzima imejifunza kutoka kwao, na ndiyo sababu inaniuma habari yao inaposimuliwa visivyo.

Ningependa kuongeza jambo moja kwa mwanafunzi wetu: si kila kipokezi hupungua. Seli za CD8, yaani seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, zinapopambana na kirusi siku nenda siku rudi huongeza kipokezi kiitwacho PD-1, ambacho kazi yake ni kuzituliza. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba PD-1 ikizibwa katika maabara, seli hizo zilizochoka hurudisha sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo seli inaweza kuwa hai, ikahesabiwa, na bado isifanye kazi yake ipasavyo.

Mwanafunzi wa Ngara

Ninawashukuru sana. Mama huyo atarudi Jumanne. Je, nimwambie kwamba dawa zitarudisha vipokezi hivyo?

Mzee wa Maabara

Usimwambie hivyo. Dawa hazirudishi CD4 kwenye seli iliyokwisha kuambukizwa. Zinazuia seli nyingine zisiambukizwe, na zile mpya zinazozaliwa zikapata nafasi ya kuishi na kuongezeka. Mwambie pia kwamba hesabu hupanda polepole, kwa miezi na hata miaka, ili asikate tamaa kipimo kijacho kikisoma 210. Na kwa kuwa yuko chini ya 200, kabla hajaondoka Jumanne muulize mkuu wako wa kliniki kama mama huyo amepimwa kifua kikuu na kuvu ya kriptokoka.