Siku tano porini, mkono wa kijana umevunjika, sasa naambiwa "fundi hayumo kwenye orodha"

Wanajamvi,

Kijana wangu wa gereji amelazwa, mkono wa kulia umetiwa vyuma viwili. Kwenye simu yangu kuna ujumbe kutoka kwa waandaaji wa yale mashindano tuliyokwenda: "Mkataba wetu ni wa dereva na mwelekezi wake. Mafundi ni wageni wa timu." Nimeusoma mara nyingi tangu Jumatatu na kila mara damu inanichemka upya. Wageni! Ni mgeni gani analala chali chini ya gari saa nane za usiku, tochi kichwani, mafuta ya gia yanamdondokea usoni, ili gari la mwenye nyumba liweze kutoka asubuhi?

Mimi ni fundi wa magari hapa Grogan, mtaa wa gereji wa Nairobi, mwaka huu natimiza wa 19. Sitataja jina la mashindano wala la timu, kwa sababu nimeshauriwa ningoje barua ya kwanza iende. Nawaomba pia msianze kukisia. Si Safari Rally, na si Rhino Charge. Ni mashindano ya siku tano ya magari ya porini, kushuka kule chini upande wa Magadi na Shompole, na mwenye macho alituona tukipita Kiserian tukiwa na msafara.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana kuna watu huku mjini wanaodhani haya ni matembezi ya matajiri na nyama choma.

Kutoka Nairobi, ambako tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, unateremka hadi kama mita 600. Gari lililokuwa likipumua vizuri hapa mjini linaanza kuchemka. Joto linapita nyuzi 35, hakuna upepo, na lile vumbi jepesi kama unga wa ngano linaingia kwenye chujio la hewa, kwenye breki, kwenye beringi, kwenye meno yako. Siku ya kwanza tulisafisha chujio mara nne. Siku ya pili radieta ilitoboka kwa mti, bushi za mbele zikaisha, na jioni tukabadilisha shafti ya nyuma juu ya mawe, jeki imewekewa ubao ili isizame. Dereva na mwelekezi walikuwa wamelala, na hilo sina ubaya nalo, kwa sababu kesho yake wao ndio wanaoshika usukani na ramani. Sisi tulilala saa kumi, tukaamka kumi na moja na nusu.

Chakula cha mafundi siku hiyo kilikuwa mkate na soda. Nalipita hilo haraka kwa sababu si la kumfanya mtu aandike uzi.

Linaloniandikisha ni ukaguzi.

Kabla ya kuanza, kila gari lilikaguliwa kwa muda wa saa nzima. Wakaguzi waliangalia kizimba cha chuma kinachowalinda walio ndani gari likipinduka, wakavuta mikanda ya viti, wakasoma tarehe kwenye mtungi wa kuzimia moto, wakaangalia helmeti za watu wawili. Vizuri sana, ni sawa hivyo. Lakini kila walichokagua ni cha mtu anayekaa ndani ya gari. Waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia gari lililokwama, hawakuufungua hata mita moja. Hawakuuliza kama walioko nje wana glovu. Hakuna aliyetazama ndoano. Na kwenye mashindano ya namna hii, ndugu zangu, anayekufa haraka si aliye ndani ya kizimba. Ni yule aliyesimama karibu na waya uliovutwa ukakazika.

Kwa wasioijua winchi: waya wa chuma ukivuta gari la tani mbili na nusu kutoka korongoni unajaa nguvu kama upinde. Ukikatika, haudondoki chini. Unaruka kurudi kwa kasi ambayo jicho haliioni. Ndiyo maana tunafundishana kuacha angalau mizunguko mitano kwenye ngoma ambayo waya unazungushiwa, kutundika blanketi zito au koti katikati ya waya ili ukikatika uangushwe chini, na kusimama mbali, kando, kamwe si kwenye mstari wake. Na kama mzigo ni mkubwa, unatia puli. Puli inaongeza nguvu karibu mara mbili, ila waya unavutwa kwa urefu maradufu, kwa hiyo gari linatoka polepole.

Hiyo polepole ndiyo iliyokataliwa.

Siku ya tatu, jioni, tulikuwa ndani ya korongo la mchanga na mawe, magurudumu ya nyuma yameingia hadi kwenye ekseli. Tulikuwa tumeshapunguza upepo wa matairi, tumechimba, tumetandika mawe, bado. Kituo kilichofuata kilikuwa kinafungwa baada ya dakika 40, na kanuni yao ilisema ukikikuta kimefungwa umetoka mashindanoni, hakuna kujieleza. Waya wetu ulikuwa na miiba. Nyuzi zilishaanza kukatika moja moja, na sehemu moja ulikuwa umekunjika tangu siku ya kwanza. Nilishamwambia tajiri wa timu siku ya pili kwamba waya huu haufai, tuununue mwingine au tutumie kamba ya nyuzi ambayo ikikatika haina hasira hiyo. Akasema tutaona tukirudi Nairobi.

Nikasema tutie puli. Akasema hakuna muda.

Kijana alikuwa ameshikiza ndoano kwenye mti. Mimi ndiye niliyemwita aje upande huu, atoke kwenye mstari. Alikuwa anatembea kuja kwangu waya ulipokatika. Nilisikia mlio kama wa bunduki, kisha nikamwona ameketi mchangani anautazama mkono wake, halii, hasemi. Mifupa miwili ya mkono wa mbele. Nashukuru Mungu kila siku kwamba hakuwa hatua moja nyuma, kwa sababu ungempata shingoni.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko waya.

Tulipiga redio. Aliyejibu akauliza namba ya gari. Nikampa. Akauliza, "Aliyeumia ni dereva au mwelekezi?" Nikamwambia ni fundi. Kukawa kimya. Kisha akasema nisubiri. Nikasubiri. Nikapiga tena, nikaambiwa ambulensi iko kambini na haiwezi kuondoka kambi ikabaki bila gari, ila "kwa mshiriki" wangeangalia. Kwa mshiriki! Tulikaa pale kwa muda wa saa nne na dakika arubaini. Tulimfunga mkono kwa mbao mbili za kuwekea jeki na shati langu. Tulimpa maji kidogo kidogo. Alianza kutetemeka ingawa joto lilikuwa bado lipo, na mimi nikawa namwimbia tu chochote kilichonijia ili asilale.

Waliotuokoa ni vijana wawili wa Kimaasai wenye pikipiki moja, waliosikia kelele. Mmoja alikaa nasi, mwingine akaenda kuita gari la huduma la timu nyingine. Fundi mwenzetu wa hiyo timu, hata sikuwa namjua, aliacha kazi yake akatuendesha usiku huohuo, zaidi ya kilomita 100 za barabara ya Magadi, tukaingia hospitali hapa Nairobi alfajiri. Nataka ajue kwamba sitamsahau hadi nizikwe.

Hospitalini wakataka malipo ya kwanza. Nikampigia tajiri. Akasema bima ni ya waandaaji. Nikawapigia waandaaji. Wakasema tutume fomu ya usajili. Fomu nikaitafuta, nikaipata kwenye picha iliyopigwa ikijazwa siku ya ukaguzi: ina nafasi mbili za majina. Dereva. Mwelekezi. Chini yake pameandikwa "idadi ya wasaidizi", na mtu ameandika tarakimu 3. Hiyo ndiyo sisi. Namba tu bila jina, bila namba ya kitambulisho, bila mtu wa kupigiwa simu tukifa. Tulifungwa mikanda ya mkononi ya rangi ya kijivu ili tuingie kambini tukahudumie, basi.

Grogan ndiyo iliyolipa. Mafundi, wauza spea, mama wa chapati wa kona yetu, makanga wawili, kila mtu alituma alichonacho kwa M-Pesa, shilingi 200, shilingi 500. Shilingi 50,000 zikatimia kabla ya saa tano asubuhi. Deni lililobaki la upasuaji ni kubwa kuliko hilo mara tatu, na hakuna aliyetaka kulipokea. Mimi mwenyewe tulikubaliana shilingi 2,500 kwa siku. Nimelipwa siku mbili. Za kwangu nitazidai baadaye, si za leo.

Gari lilitolewa kwenye lile korongo asubuhi, likaachwa liendelee licha ya ile kanuni yao ya kituo, likamaliza la tatu katika kundi lake. Nimeona picha za kukabidhiwa kikombe. Wametajwa wafadhili wote, ametajwa hata mpishi wa hema la wageni waalikwa, na ni haki yake. Halafu juzi wameweka tangazo la mwaka ujao. Picha waliyoitumia, wanajamvi, ni ya kijana wangu. Amelala kwenye matope chini ya gari siku ya pili, meno yanang'aa, spana mkononi, na huo mkono ni wa kulia. Picha yake wanaijua iko wapi. Jina lake wanasema hawana.

Mama yake ameiona hiyo picha. Alinipigia simu kuniuliza, "Baba, hawa si ndio waliosema hawamjui?" Sikuwa na la kumjibu.

Na msiniambie ndivyo mchezo ulivyo. Nimekulia kwenye mchezo huu. Baba yangu alinibeba mabegani Pasaka tukaangalie magari ya Safari yakiondoka KICC. Nchi hii inajua maana ya kustahimili: mwaka 1968 yalianza magari 93 na yakamaliza saba tu, kwa mvua na matope. Yale saba hayakufika kwa dereva peke yake. Joginder Singh, aliyeshinda Safari 1965, 1974 na 1976, alijifunza magari kwenye gereji ya baba yake kabla ya kuitwa bingwa. Alikuwa fundi! Kwenye mbio za Dakar, zinazochukua kama wiki mbili, watu wa magari ya huduma wanasajiliwa kwa majina na wana ada yao. Kwenye Rhino Charge, ambayo ni saa kumi za siku moja, wale wanaokimbia kwa miguu mbele ya gari kuitafuta njia wanahesabiwa kuwa timu. Kwa hiyo inawezekana. Wanaojua kufanya wanafanya.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amkatie bima mfanyakazi wake. Tajiri anasema hakuniajiri, alinipa "kibarua cha wiki". Waandaaji wanasema hawakuniajiri kabisa. Basi nani aliyenipeleka Shompole? Nilijipeleka na kisanduku cha spana kutalii?

Ninachokitaka nakisema wazi. Deni la hospitali lilipwe lote, na siku zote ambazo yule kijana hatafanya kazi zilipwe, kwa sababu fundi asiye na mkono wa kulia hana kazi nyingine ya kukaa akifanya. Ile picha iondolewe leo, si kesho. Na kabla gari lolote halijapewa namba mwaka ujao, kila mtu anayeligusa aandikwe jina na akatiwe bima, na waya wa winchi ufunguliwe wote hadi kwenye ngoma mbele ya mkaguzi. Haigharimu hata tairi moja la yale magari.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Kuna mdau ameuliza kwa nini sikukataa kuendelea nilipoona waya una miiba. Ni swali la haki na limeninyima usingizi. Nilisema, sikusikilizwa, na nikabaki, kwa sababu ningeondoka wangebaki vijana wawili bila mtu mwenye uzoefu. Naujua uzito wa hilo na ninaubeba. Lakini usiniweke mimi mahali pa wale waliokuwa na ambulensi wakaiegesha kambini.

Kuna mwingine amesema naye aliumia kifundo cha mguu siku ya nne na hakuandikwa popote. Ndugu yangu, njoo inboksi. Yeyote aliyekuwa fundi, msaidizi, mchimba mchanga au dereva wa gari la huduma kwenye yale mashindano na akaumia au hakulipwa, tafadhali njoo. Wakili amesema tukiwa watatu barua inakuwa nzito kuliko nikiwa peke yangu. Sasa hivi tuko wawili.

Tajiri alinitumia mtu jana aje achukue waya uliokatika, eti ni mali ya timu. Sikumpa. Umefungwa kwenye gunia, uko chini ya meza yangu ya kazi, na mahali ulipokunjika panaonekana hata kwa asiye fundi. Anayetaka kuuona aje Grogan wakati wowote wa kazi, aulize fundi wa magari ya porini, ataonyeshwa.