Filamu ya 1937 kabla ya kikao cha ndugu: niwaonyeshe, au watasema nawasuta?

Mwana wa Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mliolea wazee.

Tumezaliwa watano. Baba na mama wako Wete, Pemba, na mpwa wetu aliyekuwa akiwaangalia kaolewa. Kwenye kikao kilichopita likaja pendekezo baba akae Fuoni, Unguja, kwa kaka na mama aende Dar kwa dada, kwa vile hakuna mwenye nyumba ya kuwatosha wote wawili. Kila aliyesema alikuwa na sababu ya maana. Mie roho haikukaa sawa, lakini sikuwa na hoja ya kuwatolea.

Sasa nimeiona Make Way for Tomorrow, filamu ya Leo McCarey ya 1937. Ni wazee wawili wa Marekani, benki inachukua nyumba yao. Wana watoto watano, na hakuna anayewachukua wote wawili. Mama anapelekwa New York kwa mwanawe George, baba anakwenda kwa binti yake Cora, mbali huko. Utadhani mtu kakaa kwenye kikao chetu akaandika.

Kuna pahala mke wa George anafundisha watu karata nyumbani, na pesa zile wanazihitaji. Bibi yumo humo humo ukumbini kwenye kiti cha kubembea, kinalia kwii kwii, wageni wanageuka. Mara simu ya mumewe. Bibi anazungumza kwa sauti ya juu, ukumbi mzima unasikia anavyomhimiza ajikinge na baridi. Wale waliokuwa wameudhika wananyamaza mmoja mmoja, hawajui watazame wapi. Mie nilisimamisha filamu pale nikampigia mama.

Je, niwawekee ndugu zangu kabla ya kikao kijacho? Nachelea wataona nawasuta.

Binti Mkunazini:
Wa alaykum salaam. Kaka, si uwawekee Baghban? Ya 2003, Amitabh Bachchan na Hema Malini. Kisa ni hicho hicho, wazazi wanatenganishwa, na hapa mjini nani hajaiona? Hiyo yako haina rangi wala nyimbo, watalala.

Mzee wa Malindi:
Binti yangu, Baghban hata mie naipenda, lakini huo ndio msuto wenyewe. Pale watoto wana roho mbaya tangu mwanzo. Baba anaandika kitabu, kinamtajirisha, anasimama mbele ya watu anawaumbua. Ndugu wa huyu bwana wakiitazama kila mmoja atasema "mie si kama wale", na atakuwa mkweli.

Hii ya McCarey inamnyima mtu mwanya huo. George anampenda mamaake. Mkewe amechoka, na uchovu wake unauona, ni wa haki. Bibi naye, pamoja na mapenzi yake yote, anaingilia mambo ya nyumba ya watu. Humo hakuna wa kumnyooshea kidole. Paramount walitaka imalizike kwa furaha, McCarey akakataa. Filamu haikuuza, wakaachana naye. Mwaka ule ule alitengeneza The Awful Truth, picha ya kuchekesha, akapewa tuzo ya Oscar kwa hiyo, naye akawaambia waliompa: mnanipa kwa filamu isiyo yenyewe. Nimekulia kwenye sinema ya Cine Afrique, picha nimeona nyingi za kunitoa machozi. Hii ni katika chache zinazomheshimu mtu mzima, na inaniuma kuwa watu hawaijui.

Waonyeshe. Ila usiseme neno lolote kabla wala baada.

Ummu Salma:
Mie nimeiona, na nimemlea mama mkwe hadi alipofariki, Mungu amrehemu. Kuna jambo hamjaligusa, na kwangu ndilo kubwa kuliko simu.

George ameamua kumpeleka mamaake kwenye makaazi ya wazee, kaja kumwambia na maneno hayatoki. Mama keshaiona barua ya huko. Basi anamtangulia: anasema yeye mwenyewe ndiye anayetaka kwenda. Anamwondolea mwanawe mzigo, na mwanawe anauachia uondoke.

Mama zetu ndivyo walivyo. Ukimuuliza mbele ya watoto watano atasema "nipelekeni popote, mie sina neno", nanyi mtatoka mkisema mama karidhika. Usiwaite wazee kwenye filamu hiyo, na wala usimuulize mama kwenye kikao. Nenda Wete, kaa naye jikoni, muulize peke yake. Baba naye kando.

Fundi wa Chake:
Filamu nzuri, sikatai, ila msisahau kitu kimoja. Wale benki iliwatoa. Wazee wako nyumba yao wanayo, jirani wanao, msikiti wa baba upo. Na pensheni jamii ya Serikali ya Zanzibar ipo tangu 2016 kwa aliyefika miaka 70. Kwa nini wahame wao? Watoto watano mkichanga mnashindwa kumlipa mtu wa kukaa nao?

Mwana wa Wete:
Fundi, hilo la kuchanga halikutajwa kabisa kikaoni, tulikwenda moja kwa moja kwenye nani amchukue nani. Ummu Salma, ahsante sana, dada yangu. Ijumaa navuka kwenda Pemba, nitazungumza na mama kwanza. Filamu nitawawekea ndugu tu, usiku kabla ya kikao, halafu kesho yake nilete hoja ya Fundi. Ila dada yetu mkubwa Kiingereza hakipandi, na yeye ndiye mwenye sauti.

Mzee wa Malindi:
Kaa naye ubavuni umfasirie polepole. Ni saa moja na nusu tu. Pale pa simu usimfasirie, ataelewa.

Binti Mkunazini:
Nimeitafuta, naiangalia leo usiku na kaka zangu.