Mrejesho: yule wa skeli za gitaa na nyimbo za rock, Wete

Asalaam aleikum wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza nianze na skeli (noti zilizopangwa kwa mfuatano) au kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ili nitunge rock, maana nilikuwa nakariri vidole tu na wimbo hautoki. Ahsanteni sana jamani.

Nimemfuata aliyesema niache skeli zote nibaki na pentatoniki ya A maina, noti tano tu A C D E G, nikajirekodi kwa simu pawakodi (kodi za noti mbili tu) A5, F5, G5 zinazunguka halafu nikaimba juu yake kwanza, gitaa la solo baadae. Hapo ndo pamefunguka, beti mbili na kiitikio vimetoka usiku mmoja umeme umekatika!

Ila kodi ya F ya kubana nyuzi zote sita bado inanishinda, uzi wa pili unakoroma tu, hivyo napiga F5 na maisha yanasonga. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) nayo niliiacha siku ya nne, nilichoka.

Halafu nikapachika G shapu (nusu hatua juu ya G, haimo kwenye zile tano) kwenye solo, mama akaniuliza kutoka jikoni, "mwanangu, hiyo si taarabu hiyo?" Nimeiacha vilevile, imekaa vizuri.