Naomba ushauri: Mbeya hadi maporomoko ya Kalambo na Escudo ya zamani, nikiwa na mama

Mtoto_wa_Soweto_Mbeya

Habarini wakuu. Naombeni msaada kwa mnaoijua njia ya Kalambo.

Mama yangu ana miaka 68. Kazaliwa Ufipa, akaolewa huku Mbeya akiwa binti mdogo. Tangu nikiwa mtoto anatusimulia maporomoko ya Kalambo, kule mpakani na Zambia, ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuyaona. Anasema enzi zao mtu hakufunga safari kwenda kuangalia maji, maji uliyafuata na ndoo. Mwaka jana alilazwa wiki tatu. Siku tunamtoa hospitali, kabla hajapanda gari, akanishika mkono: "Baba, mwakani nipeleke Kalambo." Neno hilo halijanitoka.

Nimepanga Pasaka. Ijumaa Kuu tuondoke alfajiri, tulale Sumbawanga, Jumamosi Kalambo, Jumapili tugeuze. Gari ni Suzuki Escudo ya zamani, ya gia za mkono, ina kile kijiti cha 4WD, cha kufanya tairi zote nne zivute, ambacho nimekigusa mara mbili tu tangu ninunue. Je, kipande cha vumbi kinapitika Aprili? Na ngazi za kushukia, mama mwenye magoti mabovu ataziweza?

Mlowo_Kwetu

Mbeya hadi Sumbawanga ni lami tupu, karibu km 330, na kutoka Sumbawanga kwenda Matai, mji wa njia ya Kalambo, ni lami pia. Pa kuangalia ni Tunduma. Malori ya Zambia yanajipanga na mji unakaba. Pita mapema, saa moja asubuhi uwe umeshakamata barabara ya Laela. Mafuta jaza Sumbawanga, usisubiri mbele.

Kiu_ya_Safari

Mkuu nenda hiyo hiyo Pasaka! Kalambo bila maji mengi ni kama harusi bila ngoma. Mita 235 maji yanashuka kwa mruko mmoja, zaidi ya mara mbili ya Victoria, yenye mita 108. Mvua ikiwa imeshiba unasikia mngurumo kabla hujaona kitu. Ukichelewa hadi Septemba utakuta uzi mwembamba.

Mama_Wawili_Vwawa

Kaka yangu, naomba nisikubaliane na aliyenitangulia, maana mimi nilikwenda Aprili.

Tulikuwa watano. Tulipoacha lami mvua ilikuwa imekatika tangu usiku, juu pamekauka, tukajidanganya. Kumbe chini ni udongo mfinyanzi. Gari liliteleza upande kama limepakwa mafuta, tairi za kushoto zikaingia kwenye mtaro. Mume wangu akakanyaga mafuta ili litoke. Kila alivyokanyaga ndivyo lilivyozama, hadi bampa ikalala kwenye tope. Ndipo akakumbuka kuweka 4WD, na wakati huo haikusaidia chochote. Vijana wa kijiji walikuja na majembe, wakachimba kwa muda wa saa tatu. Mimi nilikaa pembeni nimembeba mwanangu, jua linaniwakia, maji ya kunywa yamebaki nusu chupa. Tulirudi Sumbawanga bila kuyaona maporomoko.

Sisi tulikuwa vijana. Wewe una mama aliyetoka hospitali. Tafadhali usimpeleke masika.

Fundi_Uyole

Kijana, hongera kwa kumkumbuka mzazi. Mimi nitasema upande wa gari tu.

Hicho kijiti ulichogusa mara mbili ndicho kinachonitia wasiwasi. Kwenye magari ya aina hiyo kuna vifungo vya ekseli ya mbele. Vikikaa muda mrefu bila kutumika vinakwama. Unaweka 4H (4WD ya mwendo wa kawaida), taa ya dashibodi inawaka, moyo unatulia, kumbe tairi za mbele hazivuti hata kidogo. Utakuja kujua ukiwa kwenye tope, na huko hakuna fundi. Kwa hiyo nenda penye mchanga au kichanga cha mtoni, weka 4H, mtu asimame pembeni aangalie tairi za mbele wakati unaachia klachi. Zikirusha mchanga, zinavuta. Zikiburuzwa tu, lipeleke gereji kabla ya safari. Mwambie pia fundi akague oili ya gia ndogo (ile ya 4WD) na ya difu zote mbili, yaani gia za ekseli ya mbele na ya nyuma. Watu wengi wanabadilisha ya injini tu, hizo nyingine wanazisahau miaka.

Kwenye lami kavu usiweke 4WD. Ukikata kona, tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma, na gari lako halina difu ya katikati ya kugawa tofauti hiyo. Litajibana, usukani utakuwa mzito, na ukilazimisha utavunja kitu. Kwenye vumbi na tope tairi zinateleza kidogo, zinapata pa kupumulia.

4H iwekwe KABLA ya tope. Kisa cha dada wa Vwawa ndicho kisa cha kila siku. Ukiona mbele pana utelezi, simama, weka, halafu ingia gia ya pili kwa mwendo mmoja, bila kukanyaga ghafla na bila kufunga breki. 4L, ile 4WD ya gia nzito na mwendo wa polepole, ni ya kupanda na kushuka mwinuko mkali. Simamisha gari kabisa, klachi chini, ndipo uingize. Wakati wa kushuka acha gia namba moja ibebe gari, mguu usikae kwenye breki hadi zipate moto.

Tairi likianza kuzunguka mahali pamoja, ACHA mafuta. Shuka, punguza upepo. Kama unajaza 30, teremsha hadi 20, tairi litapanuka na kushika. Beba pampu ya kurudishia. Chukua koleo, kamba nzito ya kuvutia, ubao wa kuweka chini ya jeki ili isizame, na viroba vitupu viwili. Kiroba kikijazwa mchanga na kusukumwa mbele ya tairi ni msaada mkubwa, na huna haja ya kukata miti ya watu. Na spea nayo ipime upepo.

Mwana_wa_Matai

Karibu nyumbani, na mpe mama shikamoo yangu.

Njia ya kutokea lami kwenda Kapozwa, kijiji cha jirani na maporomoko, ndiyo hiyo waliyosema, masika inasumbua. Njoo mwishoni mwa Mei au Juni. Mvua za kwetu huwa zimekata, njia imekauka, na mto bado una nguvu. Hutapata mvuke wa Aprili, lakini maporomoko utayaona vizuri zaidi kwa sababu ukungu wa maji haufuniki bonde.

Ngazi zimejengwa upande wetu wa Tanzania. Kushuka si shida, shida ni kurudi. Mama asishuke hadi chini. Kuna sehemu za juu za kusimama, zina kingo, anaona maji yakiachia mwamba. Mshike mkono, na usimharakishe. Eneo liko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo kiingilio ni kwa namba ya malipo ya serikali. Shughulikia mapema ukiwa penye mtandao.

Mwonyeshe na kuta za korongo. Kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara, wanajenga viota huko kwenye mwamba, na kiangazi ndiyo msimu wao wa kutaga. Na juu ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kupandanishwa, yana miaka kama 476,000. Matokeo yalitangazwa 2023. Mwambie mama watu wamekaa mto huu muda mrefu kuliko hadithi yoyote tuliyosikia.

Mtoto_wa_Soweto_Mbeya

Wakuu, ndaga fijo, asanteni sana. Nimeahirisha hadi wiki ya pili ya Juni. Nimeongeza siku moja, tutalala Sumbawanga kwenda na kurudi ili mama asikae kwenye kiti siku nzima.

Jana nilifanya kama Fundi alivyosema, kwenye mchanga. Taa iliwaka. Tairi za mbele hazikurusha hata punje. Jumatatu gari linaingia gereji.

Mama nimemsomea majibu yote jioni. Kuhusu ngazi alinyamaza tu. Kuhusu kuahirisha alisema sawa. Nilipofika kwa kongoti akanisimamisha nirudie. Anaomba Mwana wa Matai amjibu: Juni watakuwa wameshafika?

Mwana_wa_Matai

Mwambie watakuwepo.