Trekta dogo la mtumba HP 18 kwa kufyeka chini ya miembe (Uyui, Tabora): nichukue au niache?

Bolibo_Uyui
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, muuzaji ananipigia simu asubuhi na jioni. Nina ekari 7 Uyui, upande wa barabara ya Urambo. Ekari 4 ni miembe, 2 nalima mahindi, iliyobaki ni nyasi. Mvua zikikata mwezi wa tano nyasi zinakauka, na moto wa jirani unaweza kuingia usiku mmoja ukamaliza miembe yote. Vijana wa kufyeka kwa mkono hawapatikani, kipindi hicho wengi bado wako kwenye tumbaku.

Nimepata trekta dogo la Kijapani, HP (nguvu za farasi) 18. Mita ya saa za kazi inasoma 412. Rangi safi, bei milioni 11. Hizo saa 412 ni nyingi au kidogo? Na HP 18 inatosha kufyeka?

Fundi_Nozeli
Mkuu, mita iache kwanza. Matrekta haya yamefanya kazi Japani miaka mingi kabla ya kupakiwa melini, na mita inabadilishwa kwa dakika chache tu. Soma chuma. Raba ya pedali ya klachi ikiwa imelika hadi chuma kinaonekana, hizo saa 412 si za kweli. Shika shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha vifaa: meno yake 6 yawe na kona kamili, yakiwa yamechongoka limeshatumika sana. Tikisa mikono ya nyuma ya kuinulia vifaa kwenye pini zake. Geuza usukani taratibu uone unacheza kiasi gani kabla magurudumu hayajaanza kugeuka.

Nenda asubuhi, umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa bloku ya injini; ukikuta ina joto, ujue wamelipasha makusudi kukuficha ugumu wa kuwaka. Plagi za kupasha zipewe sekunde 10 hadi 20 kisha piga stata. Moshi mweupe unaokwisha ndani ya dakika moja si tatizo. Wa bluu usiokwisha ni oili inayoungua, maana yake ringi za pistoni au sili za valvu. Mweusi bila mzigo, angalia nozeli na filta ya hewa. Injini ikiunguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili; hewa ikipuliza kwa nguvu na moshi ndani yake, presha inavuja kwenye ringi.

Kuhusu HP 18, jibu linategemea slesha, yaani mashine ya kufyeka inayofungwa nyuma ya trekta. Ni ya futi ngapi?

Asali_Sikonge
Mimi nauliza kwa nini ununue kabisa. Ekari 4 unazifyeka mara mbili kwa mwaka. Kodi trekta, hiyo milioni 11 weka kwenye kisima. Tena kwa moto, kufyeka peke yake hakukuokoi: nyasi zilizofyekwa zikilala pale zinakauka na kuungua vilevile. Lima mkanda wa mita 3 au 4 kuzunguka shamba lote mwezi wa tano udongo ukiwa bado laini, ubaki mweupe bila jani. Wafuga nyuki wote wanalijua hili, na inauma kuona watu wanasubiri hadi Agosti.

Bolibo_Uyui
Asante. Mkanda nitalima. Kukodi nimeshafikiria, lakini trekta la HP 75 halipiti chini ya miembe bila kuvunja matawi. Slesha ipo, hiyo isitupe shida. Nataka tu kujua kuhusu saa.

Mama_Matuta
"Ipo" haitusaidii kaka. Taja upana. Na hizo ekari 2 za mahindi utazilimaje? Trekta la HP 18 usilifunge jembe la sahani tatu, halitalivuta. Tafuta rotaveta (jembe la mapanga yanayozunguka) ya mita 1.2, subiri mvua za kwanza za Novemba zilainishe ardhi, upite mara mbili, kisha uinue matuta. Kwenye mchanga wa huku litafanya vizuri. Kwenye mbuga nyeusi, ule udongo mzito wa mfinyanzi, ikiwa imelowa usiliingize.

Bolibo_Uyui
Slesha ni ya futi 6. Nimeshainunua, ilitoka kwenye shamba la tumbaku lililokuwa linauza vifaa. Ni imara sana, ndiyo maana sikutaka kuiacha. Nitatumia gia ya kwanza, taratibu. Sioni tatizo.

Fundi_Nozeli
Tatizo ndilo hilo, wala si mita. Piga hesabu ya HP 5 kwenye PTO kwa kila futi ya slesha. Futi 6 inataka HP 30. Trekta la HP 18 linatoa kama HP 15 kwenye PTO, nyingine inaliwa na gia na hidroliki. Kwa HP 15 unafunga slesha ya futi 3, na ya futi 4 ya kazi nyepesi ndiyo mwisho, kwa nyasi tupu zisizo na miti.

Kuna uzito pia. Slesha ya futi 6 ya kazi nzito inazidi kilo 300. Ukiinua mzigo huo nyuma ya trekta dogo, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani haushiki. Pima pini za chini za slesha yako. Matrekta madogo yanatumia za milimita 22. Ukikuta 28, hiyo ni ya trekta kubwa.

Bolibo_Uyui
Nimepima. Ni 28. Fundi wa kuchomea anaweza kutengeneza nyingine. Na ninaweza kukata nusu ya upana kila nikipita, mzigo ukapungua.

Mama_Matuta
Kaka, ukikata nusu umepunguza nyasi tu. Uzito uko palepale, na nguvu ya kuzungusha yale mapanga iko palepale. Unachokipata ni nini? Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, futi 4 inakupa karibu ekari moja kwa saa, futi 6 inakupa ekari moja na nusu hivi. Kwenye ekari 4 unaokoa saa moja na dakika ishirini hivi, na ukikata nusu nusu hata hiyo huipati. Gia boksi ikipasuka hapo Uyui utasubiri spea kutoka Mwanza au Dar huku nyasi zinakauka.

Fundi_Nozeli
Jambo jingine la kuua mtu. Mengi ya matrekta haya ya zamani PTO yake haijitegemei: ukikanyaga klachi, PTO na magurudumu vinaachiwa pamoja. Lakini mapanga ya slesha bado yanazunguka kwa uzito wake, yanarudisha nguvu kupitia gia boksi na kulisukuma trekta mbele. Unakanyaga klachi, trekta linaendelea kwenda kwenye mwembe. Slesha ikiwa nzito kuliko uwezo wa trekta, linasukumwa zaidi. Funga kapulingi ya njia moja, inayozuia mapanga kurudisha nguvu kwenye trekta, kwenye shafti ya PTO kabla ya kufyeka hata mita moja. Ikishafungwa, shafti ya slesha inakuwa ndefu kupita kiasi na huenda ukalazimika kuikata. Kata bomba la ndani na la nje kwa kipimo kimoja, pamoja na plastiki zake za kinga. Mikono ya kuinulia ikiwa mahali ambapo shafti inabana zaidi, ibaki nafasi ya sentimita 2 na nusu isigonge mwisho. Ikinyooka kabisa, mabomba yaendelee kuingiliana si chini ya theluthi moja.

Na ukiona lever ya PTO ina namba 1, 2 na 3, tumia 1 tu. Hiyo ndiyo inayokaribia mizunguko 540 kwa dakika, ambayo slesha imetengenezewa. Namba 2 na 3 ni za kazi nyingine, zitarusha mapanga.

Bolibo_Uyui
Nashukuru wote. Niseme ukweli, nimeshatoa milioni 3 za kumshikilia muuzaji. Kwa hiyo suala la kuacha ni gumu. Mnisaidie niende mbele.

Mpekuzi_01
Wakuu hii ni chai. Someni upya. Hataji aina ya trekta, hataji mji liliko, hakuna picha, ila bei na "rangi safi" vimo tangu posti ya mwanzo. Kila akibanwa anatoa kipande kipya. Huyu ni dalali anapima bei ya soko, kesho mtaliona tangazo lenye milioni 11 na maelezo yenu humo humo. Mods waufunge uzi.

Asali_Sikonge
Hata mimi nimeanza kushtuka. Mtu anayeogopa moto hatoi milioni 3 kabla ya kusikia injini ikiunguruma. Na nyumbani wanajua kuhusu hiyo pesa? Vitu vikubwa hivi vinaamuliwa na watu wawili.

Bolibo_Uyui
Mimi si dalali. Aina sijaitaja kwa sababu muuzaji anaweza kusoma hapa akajua nasita. Dalali hawezi kuwaambia haya: gurudumu la mbele kushoto lina oili imetiririka hadi kwenye rimu. Halina bomba la kinga nyuma ya kiti, la kumlinda dereva likipinduka. Tairi za mbele ni za aina mbili tofauti. Kwenye boneti kuna namba inayoishia na herufi DT. Lever ya PTO ina 1, N, 2, 3. Mke wangu anajua, yeye ndiye alisema niulize watu.

Mpekuzi_01
Hapo sawa, naondoa neno langu la dalali. Basi fuatilia kadi kabla hujaongeza shilingi. Namba ya chasisi na ya injini zifanane na zilizo kwenye kadi, jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea pesa, na umiliki uhamishwe TRA. Kwa hiyo milioni 3 dai maandishi yenye sahihi na mashahidi.

Fundi_Nozeli
DT kwa Kubota ni magurudumu manne yanayovuta. Kwa Yanmar utakuta D. Kwa hiyo mambo yako mawili, oili kwenye rimu na tairi tofauti, yanaungana. Mfumo wa mbele unavuta kwa uwiano maalum na wa nyuma. Tairi mbili za mbele zikitofautiana kimo na zile zilizokusudiwa, gia za mbele zinabanana kila ukiweka magurudumu manne, hasa kwenye ardhi ngumu. Gia na sili zinaumia. Hiyo oili kwenye rimu inaweza kuwa sili tu, ambayo ni kazi ndogo. Fungua skrubu ya kumwagia oili ya mbele, pokea kidogo kwenye kitambaa cheupe. Ikitoka na vipande vya chuma, dai milioni 3 zako. Ikitoka safi, bei ishuke kufidia sili na jozi ya tairi.

Bomba la kinga lichomewe na mtu anayejua, lifungwe kwenye ekseli ya nyuma, pamoja na mkanda. La kukunjika linafaa chini ya matawi, lakini likikunjwa mkanda usifungwe.

Mama_Matuta
Na ile futi 6 iuze. Urambo na Kaliua kuna watu wenye matrekta makubwa wataitaka. Nunua futi 4. Kabla ya kuiingiza, tembea shamba lote kwa miguu uweke vigingi penye visiki, visiki vya miombo vinavunja gia boksi. Boliti ya usalama ya slesha ikikatika rudisha ya aina ileile, usiweke ngumu zaidi. Pasi ya kwanza kata juu, sentimita 15.

Bolibo_Uyui
Nakwenda Jumamosi asubuhi na fundi. Slesha nitaitangaza kwanza. Kuna kingine cha kuangalia siku hiyo?

Fundi_Nozeli
Chomoa kijiti cha oili ya gia, ambayo ndiyo hiyohiyo ya hidroliki. Ikiwa kama maziwa, maji ya mvua yameingia kwenye raba ya lever ya gia. Mwaga oili yote na filta, badilisha raba. Kisha inua mzigo wowote mzito, zima injini, uache dakika tano. Mikono ikishuka yenyewe haraka, huenda sili ya silinda ya kuinulia imekwisha. Wavu wa redieta uukague pia, mbegu za nyasi zinaujaza na injini inachemka katikati ya kazi. Chukua kitambaa cheupe, tochi na spana 17 na 19.